Miaka Thelathini na Mmoja ya Kuchagua Programu

Tarehe 30 Juni fundi mkuu wa karakana ya chuo chetu anastaafu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Aliajiriwa kama seremala. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, mkuu wa chuo alimwomba achague programu ya kuchorea, kisha arudi kwenye mbao zake. Mpaka leo bado anachagua.

Hakuna programu iliyomaliza mwaka mikononi mwake. Tukishaizoea tu, yeye ameshasikia kuna nyingine yenye vitufe vingi zaidi. Jumatatu tukifika tunaikuta imewekwa, na ya zamani imefutwa ili tusirudi nyuma. Tukampa jina la Toleo Jipya. Badala ya kukasirika, jamani, akaliandika mlangoni!

Wanaokuja jioni kujitengenezea vitu vyao hawatamsahau. Mama mmoja alitaka kuchora banda la kuku. Akafunguliwa programu ya kusanifu madaraja ya reli, eti huwezi kujua, huenda mradi ukakua. Akahudhuria mafunzo, akapewa na cheti. Kuku wanalala jikoni kwake hadi sasa.

Tulimwambia mara ngapi? Programu ya maana ni ile inayofanya kazi uliyo nayo leo, na inayokubali kufungua michoro ya jana. Mchagua nazi hupata koroma. Akatujibu kwamba hatuoni mbali.

Januari utani uliisha. Binti wa mlinzi wetu hawezi kukaa wima bila kushikiliwa mgongo, na shule ilikubali kumpokea Jumatatu mradi aje na kiti chake maalumu. Mchoro tulikuwa nao tayari kwenye kompyuta. Ilibaki mashine ikate mbao. Ijumaa asubuhi tukakuta programu mpya, maridadi ajabu, na haifungui mchoro wetu hata kwa dawa. Mlinzi akaja mlangoni kuuliza kama amlete mtoto mchana akijaribu kiti. Mimi niliondoka nisije nikatukana. Nilikuwa na hasira, na nyingine ninayo bado.

Niliporudi, Toleo Jipya alikuwa amezima kompyuta. Mtoto amepakatwa na baba yake, na fundi wetu anampima mgongo kwa viganja, taratibu, huku akimchekesha. Akachora kwa penseli juu ya ubao wenyewe, akashika msumeno. Wengi wetu hatukuwahi kumwona akikata mbao. Loo, mkono ule! Jioni kiti kilikuwa kimepigwa msasa, na Jumatatu binti alikaa darasani mgongo umenyooka.

Miaka yote hiyo, na kitu pekee tulichomwona akikimaliza hakikuhitaji umeme. Tungecheka zaidi kama kisingekuwa kizuri namna ile.

Tunamshukuru kwa kutuvumilia, nasi tunajishukuru kwa kumvumilia yeye. Mzee wetu, nenda ukapumzike, maisha yakunyookee wewe na wa nyumbani kwako. Nywila ya kompyuta tumeshaibadilisha, usijisumbue kuijaribu. Ila Jumamosi ijayo tunakuomba upite karakana kidogo: binti wa mlinzi ameongezeka kimo, kiti kimeanza kumbana, na baba yake amesema hataki mtu mwingine ampime.