Byamungu Sébastien, Fundi Aliyeogopa Barabara ya Bugarama

Ndugu, jamaa na majirani mliothubutu kutoka nyumbani leo, tunamsindikiza Byamungu Sébastien, na tutamsema jinsi alivyokuwa. Alikuwa mwoga. Mwenyewe hakuficha, nasi hatutaanza kuficha mbele ya kaburi lake.

Marehemu alizaliwa Kadutu, Bukavu, tarehe 3 Mei 1958, mtoto wa nne wa mzee Namegabe na mama Mawazo. Alisoma shule ya msingi hapohapo, kisha miaka mitatu ya ufundi wa magari, mpaka karo ilipomshinda baba yake. Akitumwa chumvi, alirudi katikati ya njia kuhakikisha amefunga mlango, na mboga ikamngoja jikoni. Mama yake alimwita Mzee Kufuli.

Mwaka 1979 alikuja Bujumbura, akapokelewa katika gereji ya mzee Massoudi, Buyenzi. Huko alimkuta Hamimu, mtoto wa mwenye gereji, aliyependa mashindano ya magari kuliko chakula. Hamimu aliendesha, Byamungu alitengeneza. Mmoja hakuogopa kitu, mwingine aliogopa kwa niaba ya wote wawili.

Katika mashindano ya mwisho kabla ya vita, injini ya Hamimu ilikufa kwenye kona za Bugarama, kule milimani. Gari lilipokata kona kwa kasi, mafuta ya injini yalikimbilia upande mmoja wa karteri, lile bakuli la chini ya injini, na pampu ikafyonza hewa. Dawa yake ilikuwa kuyaondoa mafuta humo kabisa: kuyawekea tangi lake nyuma ya kiti, na pampu za kuyafyonza kutoka chini na kuyarudisha kwenye injini. Vifaa vilifika bandarini kwa meli ya Kigoma. Kisha, mwaka 1993, vita vikaingia, mashindano yakaisha, na vifaa vikalala stoo miaka karibu minne, hadi Byamungu alipochoka kukaa bure akaanza kuvifunga.

Tarehe 11 Agosti 1990 alikuwa amemwoa Irène, mchuuzi wa vitenge. Walingoja mtoto miaka saba. Julai 1997, Irène akiwa na mimba ya miezi saba, alipanda Bugarama kuuza vitenge. Kesho yake magari yalishambuliwa, njia ikafungwa. Habari zikashuka kwamba watu wa kule wameanza kukimbia porini. Hakuna dereva aliyekubali kupanda, isipokuwa Hamimu, na gari pekee lililokuwa na petroli ni lile la mashindano. Byamungu alikuwa amemaliza kulifunga vifaa vile jana yake. Halikuwa limejaribiwa hata kufika sokoni.

Alizungusha pampu kwa mkono mpaka mshale wa presha ya mafuta ukainuka, ndipo akaruhusu injini iwashwe. Gari lilipoanza kutoka, akalikimbilia, akihofia kolie, ile pete ya kubana bomba la mafuta.

"Simama! Mi sikumbuke kama nilikaza kolie ya ile tuyo ya chini!"

"Angalia basi," Hamimu akasema.

"Iko nyuma ya bamba. Kufungua ni saa nzima."

"Sasa we unataka nini?"

"Napanda na we. Ikilegea, mi nitaisikia mapema, mbele moteri ikufe."

Hamimu anasimulia kwamba Byamungu alikwenda njia nzima macho kwenye mshale, akisali Baba Yetu kwa sauti, hadi yeye Hamimu, Mwislamu wa kuzaliwa, akaishika sala yote kwa moyo. Walimkuta Irène kando ya barabara, miguu imevimba, wakamlaza nyuma juu ya vitenge vyake. Walipokuwa wakishuka, risasi zilitoka mlimani. Hamimu alizikata zile kona kama siku ya mashindano. Kwa mtindo wa zamani injini ingekwama kona ya kwanza, na wangebaki pale. Mshale haukushuka.

Gerejini, Byamungu aliingia chini ya gari kabla hajanywa maji. Kolie ilikuwa imekazwa barabara. Alilala palepale chini akalia, na mafundi wenzake wakamwacha. Mtoto wao, Prodige, alizaliwa tarehe 19 Septemba.

Tangu hapo presha haikumwacha. Kila mlio wa bunduki uliipandisha, na dawa zilikuwa adimu. Tarehe 8 Machi 1999, jioni, alianguka nyumbani, upande wa kulia ukafa. Marufuku ya kutembea usiku ilikuwa imekwisha kuanza, na askari wako barabarani. Hamimu alipitia nyua za majirani akafika na ufunguo wa gari mkononi.

"Apana," Byamungu akasema, ulimi mzito. "Basoda banapiga kila gari inatembea. Hamimu, usitoke. Tungoje asubuhi."

Hamimu alibishana naye. Irène aliwasihi wote wawili. Byamungu alimshika Hamimu shati kwa mkono uliobaki mzima, na hakuliachia mpaka kulipokucha. Alifikishwa hospitali, akafariki saa nne asubuhi, tarehe 9 Machi. Irène angali anajiuliza ingekuwaje kama wangetoka jioni ile.

Mtaa wa pili kulikuwa na jirani aliyetoka jioni ile na mgonjwa wake. Gari lilipigwa risasi, halikufika hospitali. Waliokuwamo walizikwa jana.

Marehemu ameacha mjane, Irène, mtoto, Prodige, dada yake, Adélaïde, na Hamimu, ambaye familia imemwandika hapa kuwa ndugu. Yuko hai. Ndiye aliyeshika jeneza upande wa mbele.

Byamungu, Mungu akulaze kwa amani, pasipo hofu.