Nakala ya Pili ya Kila Jumatano

Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 12 Juni, benchi lililo nje ya kibanda cha kinyozi lilikuwa limekwisha kujaa, na birika la kahawa lilikuwa limefika nusu. Mzee Karani alikuwa amekalia pembe yake ileile. Yeye ndiye aliyekamilisha, Jumatatu ya tarehe 4 Machi 1991, programu ya kompyuta inayopanga miadi ya wagonjwa hospitalini: mistari elfu tatu na mia mbili, yote kipande kimoja kisicho na pa kupumulia. Sasa mpwa wake, waliyemwita Fundi, alikuwa ameajiriwa kuikata iwe programu ndogo ndogo, kila moja na kazi yake. Kesho alitakiwa kuikabidhi, na mistari arobaini ilikuwa imemshinda.

— Mjomba, sehemu ya kusoma kadi nimeitenga. Ya kupanga tarehe nimeitenga. Hii arobaini ni ya nini? Kila Jumatano inachapa orodha ya wagonjwa wa sukari mara ya pili. Nikiifuta ovyo, nitamkosesha mtu dawa.

— Mwaka ule, alisema Karani, tulikuwa na mashine mbili tu, na ya pili ililetwa tarehe 19 Agosti.

— Sijauliza mashine, Mjomba.

Karani alipuliza kahawa iliyokwisha kupoa. Sababu ilikuwa imemtoka kichwani, na hakutaka kukiri hivyo mbele ya watu aliowasimulia programu ile miaka nenda miaka rudi.

— Ni wino huo, alidakia Kinyozi. Nakala ya kwanza ilikuwa haisomeki.

— Wino kitu gani, alisema Dereva kutoka upande wa pili wa benchi. Daktari mkuu alikuwa na wivu. Nakala moja ya ofisi, nyingine ya kumchunguza mwenzake.

— Miaka thelathini na nne? Huyo mwenzake si kashastaafu? aliuliza Kinyozi.

— Basi sasa wanachunguzwa watoto wake.

— Afadhali useme mashine ina kigugumizi.

— Jumatano tu?

— Mbona mke wangu hununa Jumatano tu.

Mama mmoja aliyeshika kadi ya kliniki alikuwa amesimama pembeni, akingojea kikombe.

— Samahanini, alisema. Hiyo karatasi ya pili huwa inachukuliwa na nani?

Kinyozi alimtazama Dereva. Dereva alimtazama Fundi. Fundi, aliyeisoma mistari ile wiki nzima, hakuwa amewahi kusimama kando ya mashine ikichapa.

— Mjomba?

— Sijui, alisema Karani. Niliiandika mimi, na sababu imenitoka.

Hakuna aliyecheka. Fundi aliifunga kompyuta yake.

— Basi siifuti. Naitenga peke yake kama zile nyingine, naomba wiki moja zaidi, na Jumatano nakaa chumba cha mashine mpaka mwenyewe aje kuichukua.

— Nipitie saa moja, alisema Karani. Tutakwenda wote.