Muuaji Wetu Anaomba Kuoa

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, wachungaji, wazee wetu, na ndugu zetu mliovuka mpaka kutoka Nakonde,

KARIBU
Sisi waigizaji wa Mpemba tumefurahi mno kukuona. Tulikuandikia barua mara tatu, na leo umekuja siku ya kujivuna.

TULIKOTOKA
Miaka saba iliyopita Boazi, mnunuzi wa mchele, aliuawa na mshirika wake wakitoka Kamsamba. Kesi ile ilijaza watu mahakamani hadi madirishani. Tulipotaka kuiigiza kwa ajili ya televisheni, mjane wake, Mama Violet, alikubali kwa sharti moja, awepo kila siku ya kurekodi.

MAFANIKIO
Sehemu zote nane zimeonyeshwa nchi nzima. Siku ilipoonyeshwa sehemu ya hukumu, kwenye stendi ya Tunduma mabasi yalichelewa kwa sababu makondakta walikuwa mbele ya televisheni. Waliosema ukumbi wa kanisa hauwezi kugeuka mahakama wako hapa leo, na soda tumewapa.

CHANGAMOTO
Mgeni rasmi, tumefanikiwa kupita kiasi. Muuaji aliigizwa na Nikodemo, fundi cherehani, mtu asiyeweza kuchinja hata kuku. Kila jioni alimwendea Mama Violet.

"Shikamoo mama. Nisamehe kwa ya leo."

"Marahaba, mwanangu. Ila yule hakulia kizimbani. Kesho usilie."

Basi hakulia, na watu hawajamsamehe. Sokoni hauziwi nyanya. Kinachotuuma zaidi, barua yake ya posa kwa Gwantwa wa Ikinga imerudishwa bila kufunguliwa. Baba wa binti, Mzee Alinanuswe, ambaye yupo hapa na tunamheshimu sana, alisema, "Simwozeshi binti yangu kwa mtu niliyemwona kwa macho yangu haya akihukumiwa."

OMBI
Kamera na taa tutaziomba mwaka mwingine. Leo ombi ni moja. Barua ileile ameishika Mama Violet, pale safu ya mbele. Amesema mshenga atakuwa yeye, na kama mjane wa Boazi anamwita Nikodemo mwanangu, wengine wanaogopa nini? Tunaomba umsindikize Mama Violet hadi alipokaa Mzee Alinanuswe. Ni hatua kumi tu. Nikodemo yuko nyuma ya pazia, amejishonea suti.

Mungu akurudishe nyumbani salama, aifariji nyumba ya marehemu Boazi, na bahasha hiyo ifunguliwe leo.

Ni sisi,
Kikundi cha Sanaa Tusonge, Mpemba
Imesomwa na Jenista, katibu