Nani Atakaa na Ardis Kwenye Boti

Benchi la mbele ya duka la chambo la Bernadine, pale Nordby, liliwekwa litazame ziwa, lakini wanaolikalia hawana habari na ziwa. Wanatazama watu. Asubuhi za kiangazi, kabla jua halijachoma viti vya magari, utawakuta watatu walewale na vikombe vyao vya karatasi. Kuna Duane Skoglund, ambaye ujanani alishikishwa bendera kwenye mashindano ya kuteleza majini kwa kuvutwa na boti, mara moja tu, na tangu siku hiyo anaitwa Jaji na anahukumu kila kitu, kuanzia keki za kanisani hadi talaka za watu. Kuna Lyle, yaani Barafu, anayevua samaki wakati wa baridi tu, ziwa likiganda, kupitia tundu, na anayeona kiangazi ni msimu wa watoto na wageni. Na kuna Harlan Tveit, Injini, fundi aliyefungua na kufunga mashine za boti karibu zote za ziwa lile, na ambaye hacheki kitu mpaka aone Jaji amecheka.

Jumamosi ile Harlan hakutulia kwenye benchi. Mkewe, Ardis, alikuwa akiondoka na gari kila Jumanne kwenda Ziwa la Ash, anasema anakwenda mazoezini, na Harlan hakuuliza mazoezi ya nini kwa sababu alidhani mkewe atachoka. Hakuchoka. Asubuhi hiyo, akiwa jikoni anahangaika na zipu ya vazi la mpira, alimwambia mumewe kwamba amejiandikisha mashindanoni, daraja la wanagenzi, na kwamba kila mwanagenzi hutakiwa kuja na mtu wake: mtu wa kukaa kwenye boti akiangalia nyuma, amtazame anayevutwa, ampe ishara, amwambie dereva asimame akianguka. "Nimewaambia nitakuja na mtu," Ardis alisema. Harlan akajibu, "Tutaona," akachukua kofia yake akatoka. Zamu ya Ardis ilikuwa saa nne. Sasa mwanamume mzima yuko benchini, anaomba kimoyomoyo saa nne ipite bila wenzake kujua lolote, maana anawajua. Wakikushika na jambo hawakuachi mpaka siku ya mazishi yako, na hata siku hiyo watanong'onezana.

Kule gatini kipaza sauti kilikohoa. Mtangazaji akaanza kusoma kanuni za wanagenzi, polepole, kama anasomea watoto.

"Mwanagenzi anaruhusiwa mbao mbili za kutelezea au ubao mmoja, apendavyo. Anachagua mwenyewe kasi ya boti."

– Umesikia hiyo? – Jaji aliweka kikombe chini. – Anachagua mwenyewe! Enzi zetu kasi ulichaguliwa na dereva, na dereva alikuwa anakuchukia.

– Kesho watachagua na upepo, – alisema Barafu.

"Akianguka wakati wa kuanza, atapewa nafasi ya pili."

– Ya pili ya nini? Kuanguka tena?

– Ndio hivyo, Jaji. Anaanguka, anapigiwa makofi, anaanguka tena, anapewa utepe. Halafu jioni yuko kwenye ukumbi wa kanisa anakula tambi za oveni na kusimulia.

– Injini, sema kitu bwana. Wewe ndiye mtu wa maboti.

Harlan alikunywa kahawa ambayo bado ilikuwa ya moto mno.

– Mimi niseme nini? Upuuzi mtupu.

Wenzake wakaridhika. Harlan akaona ameponea hapo, akanyoosha miguu.

"Pointi hutolewa kila mtelezaji anapovuka mawimbi yanayoachwa na boti, kulia au kushoto. Maboya hayatahesabiwa kwa wanagenzi."

Jaji alisimama kabisa.

– Hayatahesabiwa! Sasa maboya yamewekwa ya nini, mapambo? Sikilizeni, mimi nimeshika bendera katika mchezo huu...

– Tunajua, – walisema wote wawili.

– ...na nawaambia tatizo lote liko kwenye neno lenyewe. Mwanagenzi ni nani? Hakuna aliyelieleza. Mimi nasema mwanagenzi ni mtu ambaye hajawahi kushika kamba maishani mwake. Ukishaishika hata mara moja, basi, wewe si mwanagenzi tena, panda daraja la juu ukaaibike na wenzako.

– Lakini hapo atafanyaje mashindano bila kushika kamba? – aliuliza Barafu.

– Hilo ni lake.

– Hapana, Jaji, wewe umelegeza sana. – Barafu alisogea mbele. – Hapa kwetu wanagenzi hawapo. Kama baba yako alikuwa na boti, wewe si mwanagenzi, ulizaliwa unajua. Kama jirani alikuwa na boti, umeona dirishani, si mwanagenzi. Mwanagenzi halisi inabidi aletwe kutoka mahali pakavu. Jangwani huko. Ashushwe kwenye basi amefungwa macho.

– Na akifunguliwa akaona ziwa?

– Basi ameshaliona. Anatolewa.

Mlango ulilia, Bernadine akatoka na birika. Ni mwanamke mfupi, mikono yake inanuka ruba wa chambo tangu alfajiri mpaka anapofunga duka, na hana subira na watu wasionunua.

– Nyinyi watatu mnawasema wenzenu, kuna hata mmoja aliyewahi kusimama juu ya maji?

– Mimi nasimama juu ya maji majira ya baridi yote, – alisema Barafu. – Na kiti naweka.

Jaji alicheka mpaka akashika mgongo. Harlan akamtazama, naye akacheka. Bernadine aliwamiminia kahawa bila kutabasamu akarudi kwenye ndoo zake.

Kipaza sauti kikaendelea: madaraja ni wasichana, wavulana, wanawake, wanaume. Na mwaka huu, kwa mara ya kwanza, wanawake wa miaka hamsini na mitano kwenda juu, wanagenzi. Washindani wawili.

Pale benchini ikawa sherehe.

– Hamsini na mitano kwenda juu! – Jaji alipiga paja lake. – Kwenda juu wapi? Mbinguni?

– Wawili! Hiyo maana yake hata wa mwisho ni wa pili.

– Sasa hao wanahitaji madaraja yao ndani ya daraja. Andika, Barafu. Daraja la wanaoanguka kifudifudi. Daraja la wanaoanguka chali.

– Daraja la wanaopiga kelele kabla boti haijaondoka.

– Daraja la waliosahau miwani, wanavutwa hawajui wanaelekea wapi. Hao wavutwe kwa mtumbwi wa kasia.

– Kwa bata!

– Injini! Mbona leo umepooza hivyo? Au umegombana na mama nyumbani? Tupe daraja na wewe.

Walimgeukia wote wawili. Harlan aliona macho yao, akaona Jaji ameshafungua mdomo tayari kucheka, na akaogopa. Ndiyo, aliogopa, mzee mwenye wajukuu, kwamba akikaa kimya kidogo tu wataanza kunusa. Asubuhi ile alikuwa ameona kwenye glasi kando ya sinki meno mawili ya bandia ya Ardis, ambayo alikuwa ameyavua yasimpotee majini. Mdomo wake ukayachukua hayo.

– Daraja la hamsini na mitano, – alisema, – pointi wapewe wanaorudi gatini na meno yao.

Loo, walicheka hao. Barafu alimwaga kahawa kwenye suruali. Jaji alifuta machozi, akampiga Harlan begani mara mbili, akasema hilo ndilo bora la mwaka, akalirudia, akaigiza bibi anayetema meno ziwani na kuyapigia mbizi. Harlan alicheka nao, lakini kicheko kilimkwama njiani kikawa kikohozi. Alijiona mchafu. 

– Na bado kuna la mtu wa kwenye boti, – Jaji alisema alipopata pumzi. – Mnalijua hilo? Mwanagenzi anakuja na mtu wake, anakaa kule nyuma anampungia mikono. Mimi nikisikia mwanamume wa mji huu amekaa kwenye kile kiti anampungia mkewe kama anafukuza nzi, nitahama.

– Atakuwa hana kazi.

– Atakuwa hana akili.

– Si ndio, Injini?

– Kabisa, – alisema Harlan.

Mtelezaji wa kwanza alishavutwa akarudi bila wao kugeuza shingo, ndipo mwanamke mgeni alipotokea upande wa gatini. Alikuwa amevaa vazi la mpira lililokunjwa mpaka kiunoni na fulana juu yake, miguu mitupu, nywele za mvi zinachuruzika maji. Umri wake ulikuwa dhahiri, na dhahiri pia kwamba haumsumbui. Aliingia dukani, akatoka na kahawa, akasimama kivulini karibu yao.

– Habari za asubuhi, mabwana. Naitwa Renata Kubiak, natoka Ziwa la Ash. Samahani kwa kuwamwagia maji.

– Karibu, karibu, – Jaji alivuta tumbo ndani. – Umeshindana?

– Nimemaliza sasa hivi. Wanagenzi, hamsini na mitano kwenda juu.

Barafu alitazama viatu vyake.

– Na ulipataje? – aliuliza Jaji kwa sauti ya kazi.

– Nimevuka mawimbi mara nne, nikala maji mengi. – Alicheka. – Sasa nakwenda kukaa kwenye boti kwa mpinzani wangu. Anafuata yeye.

– Kwa mpinzani wako! Mama, hilo haliwezekani. Mimi nimeshika bendera katika mchezo huu. Mpinzani atampa ishara za uongo, amwangushe.

– Nimwangushe Ardis? – Renata alimtazama kama mtu aliyeambiwa kitu kwa lugha asiyoijua. – Kiangazi chote nimekaa naye kwenye boti, na yeye kwangu. Kanuni inasema mtu yeyote mzima aliye tayari.

 Kuna Ardis mmoja tu Nordby. Jaji aligeuza shingo taratibu kumtazama Harlan. Harlan alikuwa ameinamia kikombe chake kama kuna kitu kimezama humo.

– Leo alikuwa aje na mume wake, – Renata aliendelea, akipuliza kahawa. – Alikuwa amemwekea mpaka jaketi la kuelea la saizi yake, limekaa pale kwenye kiti. Tumesubiri. Sasa hivi ameniambia niingie mimi, maana mumewe ana shughuli.

Renata akawatazama mmoja mmoja.

– Mnamjua huyo mumewe?

– Si ndiye huyu hapa, – alisema Barafu. Hakuwa na nia mbaya. Ni mtu ambaye akiulizwa hujibu.

Renata alimgeukia Harlan. Alimtazama kofia, kikombe, miguu iliyonyooshwa. Kama angemdharau, Harlan angejua la kufanya. Amekaa na dharau miaka mingi na anaijua kila upande. Lakini mwanamke yule alikuwa anashangaa tu, na alitaka kuelewa.

– Ah. Ni wewe. Basi pole, – alisema. – Una shughuli gani?

Harlan aligeuka. Alimtazama Jaji, na Jaji, mwenye hukumu kwa kila jambo chini ya jua, alikuwa anasoma maandishi ya kwenye kikombe cha karatasi. Alimtazama Barafu, na Barafu alikuwa anajifuta kahawa iliyokwisha kukauka. Renata alisubiri. Alisubiri kwa adabu kabisa, kama mtu anayejua jibu linakuja.

"Ardis Tveit, gatini tafadhali," kilisema kipaza sauti. "Ardis Tveit na mtu wake."

– Lazima niende, – alisema Renata, akaweka kahawa yake chini bila kuinywa, akateremka mbio.

Boti iliondoka. Kutoka benchini walimwona Ardis majini, kichwa na ncha mbili za mbao tu, halafu kamba ikakaza. Alipanda nusu, akayumba, akaanguka ubavu. Maji yaliruka. Pale benchini hapakuwa na aliyecheka. Boti ikazunguka, ikamletea kamba mara ya pili, kama kanuni inavyoruhusu.

Kamba ikakaza tena. Ardis akapanda, safari hii mpaka juu, amesimama, miguu imekakamaa, mgongo umenyooka kama mlingoti, na Harlan, ambaye kwa miaka thelathini amesikiliza boti zikivuta watoto wa watu, aliona wazi kwamba wimbi la kwanza likimfikia hivyo litamtupa. Akajikuta amesimama ukingoni mwa barabara, kikombe kimeanguka.

– Kunja magoti! – alipiga kelele. – Ardis! Kunja magoti!

Sauti yake haikuvuka hata safu ya magari. Kule kwenye boti Renata alijipiga magotini kwa viganja viwili, Ardis akamwona, akakunja magoti, akavuka.