Mchumba wa Japani Mliyemwombea

Mama zangu, dada zangu, na akina baba mliokubali leo kukaa viti vya nyuma, asanteni kwa kunipa nafasi hii. Nimemwomba dada anayeongoza nyimbo asinianzishie pambio hata nikinyamaza katikati. Nikinyamaza, nisubirini. Sitamtaja mtu jina. Wengine mtajitambua, na najua wengine mtaumia, kwa sababu neno nililokuja nalo linawagusa ninyi kuliko linavyonigusa mimi.

Mnanifahamu kwa jina la Prof. Mlinipa jina hilo nilipofika Durban, mliposikia kwamba nilisomea ualimu kwetu Kongo, Bukavu, na kufundisha Kifaransa. Kwetu mwanamke huitwa kwa mtoto wake, Mama Fulani. Mimi nilikuwa nimevuka miaka arobaini bila mume wala mtoto, basi mkanipa jina la kazi ambayo sikuifanya tena, maana hapa Albert Park nilikuwa nauza makava ya simu na kubadilisha vioo vilivyopasuka. Sikuwalaumu. Mlinipa kwa heshima. Lakini iko jioni moja nilikuwa napanda ngazi za jengo letu, nikatambua kwamba tangu asubuhi hakuna aliyeniita jina nililopewa na mama yangu, na sikukumbuka mara ya mwisho ilikuwa lini.

Mwaka 2013 alikuja dukani msichana mmoja, mwanafunzi, simu yake imejaa haipokei kitu. Nilipokuwa nafuta vitu vyake nikaona picha za wanaume waliochorwa, wenye macho makubwa na suti za kupendeza. Nikamuuliza ni nini.

"Usinicheke, tantine," akaniambia, kama tunavyowaita shangazi kwetu. "Ni mchezo wa kwenye simu, wa wanawake. Wajapani ndio wameutengeneza. Unachagua mwanaume unayemtaka, mnaongea, anakupenda."

"Anakupenda namna gani, naye ni mchoro?"

"Jaribu, utaniambia."

Nikajaribu, kwa dharau ya mtu aliyesoma. Ndugu zangu, nawaambia, dharau hiyo haikunilinda hata kidogo. Mchezo wenyewe ni kama kitabu: unasoma, kisha hadithi inasimama na kukupa majibu matatu, uchague moja. Ukichagua vizuri, yule mwanamume analainika. Ukikosea, unarudi nyuma na kuchagua tena. Mwanzoni kabisa unaulizwa jina lako. Sikuandika Prof. Niliandika lile nililopewa na mama yangu. Basi mwanamume niliyemchagua, meneja wa hoteli huko Tokyo, mwenye miwani na maneno machache, akaanza kuniita kwa jina hilo. Akaniuliza kama nimefika nyumbani salama. Akaona kwamba nimechoka.

Sitamtaja hata yeye jina, nisije nikamrudisha kwenye orodha ya maombi. Naona baadhi yenu mmeanza kuelewa.

Siku moja dada mmoja wa kundi letu la maombi la Jumatano alinikuta dukani natabasamu na simu.

"Prof, we! Unachekelea nani hivyo?"

Ningeweza kusema ni mchezo. Niliona aibu, mwanamke wa umri wangu, mwalimu. Nikasema, "Rafiki tu."

"Rafiki wa wapi?"

"Wa Japani."

"Eish! Prof iko na muchumba Japani na anatuficha sisi!"

Sikukanusha. Huo ndio uongo wangu wote wa siku ile: kunyamaza na kuinamisha uso kama bibi arusi. Mnajua kwa nini mliniamini bila kuuliza picha wala tarehe ya harusi. Miongoni mwetu hakuna nyumba isiyo na mtu aliye mbali. Mmoja mume wake yuko kambi ya wakimbizi, mwingine mchumba wake anangoja makaratasi Ulaya, na wote wanaishi ndani ya simu. Mwanamume asiyeonekana, anayeuliza kama umefika salama, kwetu ni jambo la kawaida kabisa. Mahali pengine wangenicheka na mambo yangeishia hapo. Ninyi mlimpokea.

Jumatano iliyofuata, mama mmoja mzee akauliza, "Huyo kijana anasali wapi?"

Nikasema bado hajaokoka.

Mnakumbuka utaratibu wetu. Kila juma tunabeba shida ya mtu mmoja, tunafunga siku ya Jumatano hadi jioni, kisha tunakutana kuomba. Juma lile zamu ilikuwa ya mama mmoja, rafiki yangu, anayesuka nywele mlango wa pili kutoka dukani kwangu. Mume wake alikuwa kambini Tanzania, na watoto hapa walikuwa wamemsahau sura. Alisimama mbele yenu akasema, "Mimi wangu tumeshamwombea sana, Mungu amesikia. Zamu yangu nampa Prof. Huyo wa Japani bado ni mupagani, yeye ndiye wa haraka."

Mlicheka. Nami nilicheka. Mkafunga.

Naomba nilitamke, kwa sababu ndilo linaloniuma kuliko yote. Jumatano ile, mkiwa na njaa kwa ajili ya mwanamume aliyechorwa na watu wasionijua, nilikaa nyuma ya duka langu nikanywa chai na mkate. Nilijiambia kwamba kufunga kwa ajili ya kitu kisichokuwapo kungekuwa kumdhihaki Mungu. Elimu yangu ilinisaidia kupata sababu hiyo. Jioni nikaja, nikapiga magoti pamoja nanyi, nikasema amina.

Baada ya hapo sikuweza kutoka. Mliniuliza habari zake, nami nilikuwa nazo, maana mchezo haukosi habari: hoteli imepata wageni wakubwa, mama yake anaumwa. Nilizileta kwenu kama zilivyo. Mmoja wenu alishaanza kuulizia kitenge cha harusi, tufanane wote. Miezi ikapita. Nilikuwa nafunga duka mapema ili nikasome, na wagonjwa wenu sikuwatembelea.

Kisha ikaja Jumamosi moja. Lifti ya jengo imekufa kama kawaida, nami napanda na mifuko. Yule rafiki yangu akanikuta kwenye ngazi, uso wake unang'aa.

"Prof, nilikuwa nakutafuta. Shemeji yangu anatoka Dar kesho kuja huku kwa basi. Alitaka kumbeba baba ya watoto, ameshatoka kambi yuko naye pale, kila kitu iko tayari. Lakini mimi nimesema hapana, njia ni mubaya, watu wanapotea. Huyu kaka yetu wa Japani si ni mukubwa wa hoteli? Amutumie mwaliko wa kazi, apande ndege kama muntu. Saa hii naenda kumupigia simu baba, aache hiyo basi."

Alikuwa ameshika simu mkononi. Nawaambia ukweli, hata pale nilitafuta jibu ambalo lingeniokoa. Niliwaza kumwambia kwamba tumegombana, kwamba amehama kazi. Kila jibu lingemfanya asubiri kidogo zaidi, na basi lilikuwa kesho. Nikaweka mifuko chini, nikafungua ule mchezo, nikampa simu yangu.

Aliangalia. "Hii ni katuni."

"Ndiyo."

"Nionyeshe mwenyewe."

"Ndiye mwenyewe, mama. Hakuna mwingine. Ni mchezo."

Akakaa kwenye ngazi. Watu wawili wakapita na ndoo za maji, tukawapisha. Walipokwisha kupita akasema polepole, "Mimi nilifunga njaa kwa katuni?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe siku ile, ulifunga?"

Ningeweza kudanganya mara moja zaidi. "Nilikunywa chai," nikasema.

Hakunitukana. Alinirudishia simu, akapiga yake palepale, nikiwa nimesimama mbele yake. "Baba, panda hiyo basi. Usiulize. Panda." Kisha akapanda ngazi na kuniacha na mifuko yangu.

Siku ile niliufuta mchezo, na ndugu zangu, nililia. Sikulilia dhambi yangu. Nilimlilia yule meneja wa hoteli. Mwone nilikuwa nimefika wapi.

Rafiki yangu hakunisalimia kwa muda mrefu. Alipita mbele ya duka kana kwamba pamefungwa. Pia hakumwambia mtu. Nilikuja Jumatano baada ya Jumatano nikingoja anianike, naye akaomba, akaimba, akaenda zake. Hata nilipowaambia kwamba uchumba umevunjika, nanyi mkanifariji, aliinamisha kichwa tu. Kisha siku moja akaingia dukani.

"Baba amefika," akasema. "Kiingereza haijui hata moja. Jumatatu anaenda kupanga mustari wa makaratasi. Utamusindikiza, utamutafsiria."

Hakusema amenisamehe. Alinipa kazi. Nilisimama na mume wake kwenye mstari ule wa vibali vya wakimbizi tangu alfajiri, na Jumatatu zilizofuata nikasimama na wengine, baadhi yenu mkiwemo. Huko ndiko nilikoanza kupona, katikati ya watu wanaosukumana, wanaokasirika, wanaonikosoa Kiingereza changu. Yule wa kwenye simu hakuweza kunikasirikia hata mara moja. Ningekosea, angenisubiri nirudi nyuma nichague upya.

Namshukuru mama huyo, ambaye wiki iliyopita aliniambia, "Siri yako imenichokesha, Prof. Ipeleke wewe mwenyewe." Namshukuru mume wake kwa kunivumilia bila kujua. Nawashukuru ninyi mliofunga kwa moyo safi. Sijui njaa ile Mungu aliipokea vipi, lakini najua haikuwa mchezo.

Kama nina somo, ni dogo. Upweke wangu haukuwa dhambi. Ningeusema Jumatano ya kwanza, mngeubeba. Niliona ni aibu kuusema, nikawabebesha uongo badala yake.

Sasa nitakwenda kusimama pale mlangoni. Ibada ikiisha, anayetaka kuniambia neno aniambie, hata likiwa kali, nitalisikiliza lote. Atakayepita bila kunipa mkono, nitaelewa. Sitaondoka hadi wa mwisho wenu apite.