Milimita Mbili za Gnanaraj

Ndugu waombolezaji, naitwa Rajamani, mdogo wake marehemu, nami nimepewa kazi ya kueleza maisha ya mtu ambaye hata humu kanisani hakuwahi kumaliza ibada bila kutoka nje kushikashika kitu.

Marehemu Gnanaraj Devasagayam alizaliwa Pollachi tarehe 9 Machi 1957, akasoma shule ya misheni hukohuko, kisha akajifunza ufundi wa chuma hapa Coimbatore kuanzia 1974 hadi 1976, akafanya kazi kiwanda cha pampu, na mwaka 1989 akafungua karakana yake. Alimuoa shemeji yetu Thangam tarehe 2 Juni 1986, wakajaliwa mtoto mmoja, Anbuselvi, tunayemwita Selvi, mwaka 1991, ambaye badala ya kushona alipenda kuendesha gari uwanja wa mbio.

Nitasema wazi, kwa sababu yeye mwenyewe hakuficha. Selvi alilalamika kwamba pua ya gari inagoma kukata kona ya polepole, kaka akagongelea mapezi madogo ya bati pande zote za bampa la mbele ili upepo uikandamize, akasahau kwamba kwenye mwendo mdogo upepo hauna nguvu, ila kwenye kona ya kasi unazo tele, basi pua ikashika kupita kiasi, mkia ukawa mwepesi, na tarehe 13 Februari 2022 gari likazunguka na kumvunja mtoto mtulinga.

Mfupa uliunga, lakini kila alipofika kona ile Selvi aliinua mguu kwenye mafuta, na baba yake hakupata usingizi tena. Alibandika nyuzi za sufu gari zima aone upepo unavyopita, shemeji akapiga kelele, "We mzee, hiyo ni sweta yangu!", naye akajibu, "Utavaa nikishajua mkia unataka nini." Aling'oa mapezi mawili, akafunga ukanda wa alumini wenye upana wa kidole kwenye ukingo wa bawa la nyuma ili upepo ukandamize na mkia, akaupunguza, akaurudisha, akaupunguza tena.

Novemba 2023 ini lilimlaza hospitali. Jumapili, tarehe 4 Februari 2024, Selvi aliingia wodini na ovaroli yake ya mbio, analia.

"Baba, sikuinua mguu."

"Na mkia?"

"Umetulia kabisa."

"Sasa pua itakuwa imezembea kidogo. Punguza ukanda milimita mbili."

Alituacha Jumatano, tarehe 7, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, mafundi wenzake, na majirani waliovumilia ile mashine ya kusaga chuma kwa miaka thelathini na mitano. Kaka, nimekukasirikia sana maishani, na nimekupenda zaidi. Jana Selvi alipunguza milimita mbili, nimepima mwenyewe. Hakuna kilichobaki cha kurekebisha, pumzika.