Bi. Beatha na Mkwe Aliyejipeleka Kufukuzwa Nchini

Baada ya miaka thelathini na miwili katika kazi ya uhamiaji, Bi. Beatha Shekigenda anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Alianzia dirishani akipokea maombi ya pasipoti, akapelekwa mpakani, kisha akarudi kwao Lushoto kutoa elimu kwa umma. Kicheko chake husikika hadi kijiwe cha bodaboda.

Safari ambayo hatutaacha kuisimulia ni ya Lukozi. Alikwenda kueleza muswada unaopendekeza kwamba mtu asiye raia, akitiwa hatiani na mahakama kwa kosa kubwa, arudishwe kwao. Alieleza vizuri, wananchi wakaelewa walivyotaka. Mwalimu wa kwaya aliuliza kama kuimba nje ya sauti ni kosa kubwa. Kisha akasimama Bibi Mwanamisi. Mkwe wake Salimu, Mkenya wa Taveta mwenye kibali halali, alikuwa ameacha ng'ombe wakatafuna kabichi zote za bibi.

"Huyo awe wa kwanza!" alisema. Watu wakapiga makofi. Bi. Beatha akacheka, akidhani ni utani.

Salimu hakudhani hivyo. Kesho yake alifika ofisini na begi, godoro na jogoo.

"Shikamoo mama. Nimekuja mwenyewe. Msinifunge pingu, watoto wataona."

Kicheko kilimwisha Bi. Beatha. Akamkalisha, akampa chai. "Mwanangu, huo ni muswada tu, bado si sheria. Na unamhusu aliyehukumiwa kwa kosa kubwa. Wewe umehukumiwa na nani?"

"Na mama mkwe."

Mara Bibi Mwanamisi akaingia akihema, kanga imepinduka. "Nilisema mumtishe, sikusema mumchukue! Wajukuu wanalia! Na huyo jogoo ni wangu!"

Bi. Beatha aliwarudisha mwenyewe kwa gari la ofisi, godoro juu. Njiani alijilaumu: mtu nusura aiache familia yake kwa ajili ya makofi, naye mwenyewe alikuwa akicheka. Akaitisha mkutano upya, akaeleza polepole, safari hii kwa Kishambaa, na hakuondoka mpaka mwalimu wa kwaya alipoweza kuueleza muswada mwenyewe. Salimu akajenga uzio. Bibi akampikia ugali, akamnunia hadi Ijumaa, yakaisha.

Sasa Bi. Beatha anahamia Kwai kufuga ng'ombe wa maziwa. Mama, asante kwa kutulea kazini. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na ng'ombe wasiopiga teke ndoo.